Kurekodi kwaya ya wanaume kanisani kwa maikrofoni mbili

Wimbo wa tenzi ukiimbwa na wanaume watupu, warekodi wote kwa pamoja, kanisani. Ukiwaingiza studio mmoja mmoja, hawasikilizani tena, na uzuri wote ulikuwa hapo.

1. Chagua saa. Hapa Mwanza upepo wa ziwani huvuma mchana na bati hulialia likipata jua. Rekodi usiku, bodaboda zikipungua. Zima feni. Mvua ikigonga bati, ahirisheni. Hakuna programu itakayoitoa.

2. Pangeni sauti. Tenzi nyingi zimeandikiwa sauti nne za wanawake na wanaume, kwa hiyo zigawe upya kwa wanaume. Wape teno ya pili melodi, teno ya kwanza wapite juu yao, baritoni na besi wakae chini. Tafuteni kii (kimo cha kuanzia wimbo) ambayo besi anaifikia noti yake ya chini kabisa kwa sauti iliyojaa.

3. Wasimame nusu duara, besi katikati. Weka maikrofoni mbili kwenye stendi moja, kimo cha mita 2.5 hadi 3, umbali wa mita 3 hivi kutoka mstari wa mbele. Ziachane sentimita 17, pembe kati yake iwe nyuzi 110. Ni mpangilio wa redio ya Ufaransa, ORTF, nami sijaona unaoushinda kwa kwaya. Vaa hedifoni. Sauti ya mtu mmoja ikichomoza, mrudishe nyuma yeye, maikrofoni ziache. Mwangwi ukimeza maneno, sogeza stendi mbele.

4. Rekodi kwa kHz 48, biti 24. Waimbe ubeti wenye nguvu kuliko yote, vilele, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa kwenye mita ya kinasa, visipite desibeli -10.

5. Sikiliza midomo. Hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika. Chukua neno "Mtakatifu": ile "m" ni silabi kamili, ina noti yake. Wengine hufunga midomo mapema, wengine hukimbilia "ta", na maikrofoni haisamehe. Waimbe neno hilo peke yake, polepole, wakimtazama mwalimu, mpaka "m" isikike moja. Na asivute mtu pumzi katikati ya neno.

6. Imbeni wimbo mzima mara tatu. Kila mara mwalimu atoe "do" upya kwa kinanda, maana kwaya isiyo na ala hushuka taratibu. Noti ya mwisho ikiisha, wote watulie mpaka mwangwi ufe. Ubeti mmoja ukiwa mbovu, chukua wa mkupuo mwingine, ukate kwenye pumzi kati ya beti.