Kabla ya kuzama Maziwe na kamera: mambo ya kuamua ukiwa bado nchi kavu

Anayenipigia kuulizia Maziwe karibu kila mara huanza na kamera. Achukue ipi, na je, simu ndani ya kile kimfuko cha plastiki haitoshi? Mimi humrudishia swali: leo mwezi ngapi? Namaanisha mwezi mwandamo, si ule wa mshahara.

Maziwe ni kisiwa kwa jina. Kipo kama kilomita 8 kutoka ufukwe wa Ushongo, kusini ya Pangani mkoani Tanga, na wazee wanakikumbuka kikiwa na miti na kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha kuliwa na bahari. Lililobaki ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa hulioni. Hakuna kivuli, choo wala mahali pa kujificha mvua. Ukifika saa mbaya utaogelea kuzunguka mashua tu, huku umelipia siku nzima.

Kwa hiyo hesabu huanza na maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hutoka kwenye saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Bamvua lenyewe linapendeza kwa sababu fungu huwa pana, lakini kati ya maji kujaa na kupwa tofauti inaweza kupita mita 3, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Mkondo utakusukuma, mchanga utatifuka, na picha zako zitakuwa kama zimepigwa ndani ya uji. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, ni maangavu na matulivu zaidi, ila fungu halikupi nafasi ya kutosha kupumzika. Mimi hupenda siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua. Maji hutoka kwenye saa sita na nusu hivi, jua likiwa utosini, na lile jua ndilo taa yako ya bure huko chini.

Majira nayo yana neno lake. Kusi ikivuma, usishindane na nahodha akikwambia hapana. Wakati wa masika Mto Pangani humwaga tope baharini na hata mwamba wa kina kifupi hauonekani. Tangambili ya Novemba, pepo zinapobadilishana, ndiyo tamu kuliko zote, kisha asubuhi za kaskazi kabla upepo haujapanda. Ondokeni mapema.

Sasa pumzi, na hapa naomba univumilie, maana ndipo watu hufia. Kuzama kwa pumzi moja si mashindano ya kubana kifua. Mtu akipumua harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama anadhani anajaza oksijeni. Hajazi kitu cha maana. Anachofanya ni kupunguza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayomwambia mwili "rudi juu uvute hewa". Kengele ikizimwa, atabaki chini akijisikia vizuri mpaka fahamu zimtoke ghafla, na mara nyingi zinamtoka akiwa karibu na uso wa maji au ameshatoka kabisa. Hapigi kelele wala hapungi mkono. Anazimika kama kibatari.

Ndiyo maana hamzami wawili kwa pamoja. Mmoja chini, mmoja juu, uso ndani ya maji, macho kwa mwenzake, na mwenzake akishatoka aendelee kumtazama kama nusu dakika. Baina ya mbizi moja na nyingine pumzikeni angalau mara mbili ya muda mliokaa chini. Anayelinda asishike kamera. Nasisitiza hili kwa sababu mwenye kamera ndiye msahaulifu kuliko wote: pweza amebadilika rangi, kidole kiko kwenye kitufe, "moja tu ya mwisho," na pumzi imeshakwisha. Amueni mkiwa mashuani mtashuka mita ngapi na mara ngapi. Kama mwenzako haogelei vizuri kiasi cha kukuvuta juu, basi huna mwenzako. Piga picha ukielea juu ya mwamba, bado utaona mengi. Ukitaka kwenda zaidi ya mita chache, tafuta mwalimu kwanza. Maandishi hayakufundishi.

Masikio ni jambo la kujipima nyumbani. Mita 10 tu chini, mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na sehemu kubwa ya kazi ya kuzibua masikio iko kwenye mita za mwanzo. Ziba pua, sukuma hewa taratibu, masikio yazibuke kabla hayajauma, na urudie kila unaposhuka kidogo. Yakikataa, rudi. Ukiwa na mafua, siku hiyo wewe ni mpishi wa msafara. Na miwani iwe ile inayofunika pua. Miwani midogo ya bwawani hukamua macho, kwa kuwa huwezi kupuliza hewa ndani yake.

Kamera, basi. Chini ya maji rangi nyekundu hupotea ndani ya mita chache za mwanzo, kisha rangi ya chungwa, na mwisho kila kitu ni buluu. Dawa yake ni kusogea karibu, si kuvuta picha kwa lenzi: maji machache kati yako na samaki, rangi nyingi. Piga ukielekeza juu kidogo, usimpige mgongoni kama anayepita. Kwa simu ndani ya mfuko, jua kwamba kioo hakisikii kidole kikishazama. Weka kamera ianze kurekodi video ukiwa juu, au tumia kitufe cha sauti.

Nyumba ya kamera, lile kasha la kuzuia maji, ijaribiwe usiku uliotangulia. Weka tishu kavu ndani, bila kamera, izamishe kwenye ndoo nusu saa. Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilifungia kamera mashuani, nikaikausha kwa kanga ya dada yangu, na uzi mmoja mwekundu ukalala juu ya ule mpira wa kuzibia. Mwembamba hata jicho haliuoni. Niliona mvuke kwenye kioo nikiwa mita 4, halafu tone, halafu kamera ikaandika maandishi ya ajabu na kunyamaza. Tangu hapo nafunga nyumbani, chini ya taa, nikipitisha kidole kuzunguka mpira wote.

Viumbe wana adabu yao. Kasa hupumua hewa kama sisi. Ukimzibia njia ya kwenda juu unamtesa. Usisimame juu ya matumbawe hata kama mapezi uliyovaa miguuni yanakuchosha. Kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kiache majini, kisiwe pambo la picha mkononi. Mayai ya kasa yanayotagwa Maziwe huhamishiwa Ushongo, maana bahari ingeyafunika, kwa hiyo ukiona alama za kutambaa mchangani mwambie nahodha na usichimbe. Eneo ni hifadhi tengefu tangu 1975. Kuna ada, na risiti ni haki yako. Na wale wanaonitumia ujumbe kuulizia silikanti, yule samaki wa kale, kwa sababu Tanga ina hifadhi yake tangu 2009: huyo anakaa kwenye giza la kina kirefu, mwacheni.

Mashuani pakia maji ya kunywa kuliko unavyodhani, tende, shati la mikono mirefu, jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, na boya lenye rangi kali la kufunga kamba pale mnapozama. Ongeza chupa ya chai yenye maji ya moto. Ukichomwa na taa au samaki mwingine mwenye mwiba wa sumu, sehemu ile huzamishwa kwenye maji yenye joto ambalo mkono usiochomwa unalivumilia, maumivu hupungua, kisha mnakwenda hospitali. Mtu aliyebaki pwani ajue saa mtakayorudi.

Mkirudi, loweka kamera kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, ukibonyeza kila kitufe humohumo. Kisha jifute nywele kwanza ndipo uifungue. Tone moja la utosini linatosha.