Omba picha ya mgongo: namna ya kukagua kifaa cha umeme cha mtandaoni kabla hujakichomeka

Muuzaji wa mtandaoni hukutumia picha ya uso wa kifaa: shawa inayong'aa, blenda yenye glasi ya juisi pembeni, chaja juu ya meza nyeupe. Usoni hakuna kinachoua. Kinachoua ni waya mwembamba, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) isiyofika popote, na plagi isiyo na fyuzi ndani. Mimi ni fundi umeme hapa Moshi, nimesomea VETA, na meza yangu iko jirani na Soko la Mbuyuni. Siku hizi naletewa vitu vipya kabisa, vingine bado viko kwenye nailoni, vimeshuka na basi kutoka Kariakoo baada ya mtu kuona tangazo la "mikoani tunatuma". Ninavyovikagua ndivyo ninavyokueleza hapa, ili nawe uvikague kabla ya kuchomeka, na ikiwezekana kabla ya kulipa.

Kabla hujatuma pesa, mwandikie muuzaji: "Naomba picha ya lebo ya nyuma, ile yenye volti na wati." Mwenye mzigo mkononi ataipiga palepale. Akikurudishia picha nyingine ya tangazo, au akakuandikia "usijali kipenzi, ni orijino", achana naye. Bei iwe nzuri namna gani, achana naye.

Picha ikija, ikuze uisome. Itafute chapa au jina la mtengenezaji, namba ya modeli, volti, hezi, na wati au ampea. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukiona 220–240V, sawa. Ukiona 100–240V, sawa pia, chaja nyingi ziko hivyo. Ukiona 110V au 120V peke yake, kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Marekani. Pasi ya volti 120 ukiipa 230 inavuta nguvu inayokaribia mara nne ya ile iliyopangiwa, na itaungua hata kama ni pasi halali kabisa. Itafute pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake kifaa kina kinga mbili dhidi ya umeme, hivyo hakihitaji ethi. Kifaa chenye bodi ya chuma, kisicho na alama hiyo, na waya wake una nyaya mbili tu ndani, usikinunue. Herufi CE zisikutulize. Kwa vifaa vingi vya nyumbani ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba kifaa kinakidhi masharti ya Ulaya, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuziweka.

Mzigo ukishaupokea, anza na plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa zinafuata kiwango cha Uingereza, BS 1363. Pini ya ethi ndiyo ndefu kuliko zote na inatakiwa iwe wazi kuanzia shinani hadi nchani. Zile mbili nyingine ndizo zinazovikwa plastiki nusu. Plagi nyingi feki zimevika plastiki hata pini ya ethi, na hapo ethi yako inaweza isiguse kitu ndani ya soketi. Kisha toa fyuzi. Iwepo, na iwe na namba: 3 kwa vitu vidogo, 13 kwa vinavyopasha moto. Ukikuta kipande cha waya au bati mahali pa fyuzi, ukaguzi umeishia hapo.

Halafu kuna plagi za pini mbili za mviringo. Najua tunavyofanya: tunachokonoa tundu la ethi kwa kalamu mpaka soketi ifunguke, kisha tunalazimisha. Tafadhali tuache. Pini hizo hazikai vizuri mle ndani, zinacheza, zinatoa cheche, na soketi inayeyuka taratibu huku wewe umelala. Nunua adapta yenye fyuzi, ujaribu kuitikisa ikiwa kwenye soketi. Ikicheza, irudishe.

Waya wa ekstensheni upime kwa sumaku, hata ile ya spika mbovu inafaa. Ekstensheni ikiwa haijachomekwa, fungua mwisho mmoja, gusa nyuzi za ndani. Shaba haishikwi na sumaku. Zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Zisiponasa, kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukitokea weupe, ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Soma pia maandishi kwenye ngozi ya waya. Ekstensheni iliyoandikwa 13A inatakiwa iwe na waya wa 1.25 mm² au zaidi. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa hazina maandishi yoyote, na ukiunga birika la umeme na pasi kwa pamoja zinalainika kama mshumaa.

Kwa pawabenki, tumia mizani ya duka la nafaka. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo nzuri sana huishia kwenye mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) 3,500 hivi. Kwa hiyo mAh 20,000 zinahitaji betri kama sita, ambazo peke yake ni zaidi ya robo kilo. Pawabenki ya namba hiyo yenye gramu 150 ni uongo, na aliyedanganya kwenye namba sina sababu ya kumwamini kwenye sakiti inayozuia betri kuchemka.

Sasa shawa, na hapa naomba utulie usome. Huku kwetu mlimani, ikifika Juni na Julai, maji ya bomba yanauma mifupa, na kila anayeweza anataka shawa ya umeme. Mama mmoja wa Kibosho aliniletea yake aliyoagiziwa na kijana wake kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa hii nichomeke tu kwenye soketi ya chumbani, nipitishe waya dirishani."

Nikaigeuza tukasoma pamoja: wati 5,500. Ukigawa kwa 230 unapata karibu ampea 24. Soketi ya nyumbani ni ya ampea 13. Muuzaji alikuwa amefunga plagi ya kawaida kwenye waya mwembamba, na waya wa ethi alikuwa ameukata kabisa ili plagi ionekane safi. Katika shawa nyingi za namna hii koili inagusa maji yenyewe yanayokumwagikia. Ethi isipokuwepo, umeme unaovuja unatafuta njia ya kwenda ardhini, na aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji ndiye njia hiyo.

Kwa hiyo shawa ya umeme haichomekwi kwenye soketi. Inapewa waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, 6 mm² kwa ukubwa huo, breka yake yenyewe, swichi ya nguzo mbili (inayokata nyaya zote mbili za umeme) nje ya bafu, na ethi iliyopimwa kwa kifaa, si kwa kukisia. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na usione aibu kumwomba akuonyeshe. Kama gharama hiyo ni kubwa, chemsha maji jikoni. Nasema hivyo kwa moyo wote, na mama yule ndivyo anavyofanya mpaka leo.

Hita ile ya kuchovya kwenye ndoo ni ndugu yake. Iwe na nyaya tatu, itumbukizwe kabla ya kuwasha, na kabla ya kugusa maji zima soketi kisha chomoa plagi kabisa. Kuzima tu hakutoshi, na kidole cha kuonja joto kisitangulie. Mtoto asiachwe karibu.

Usinunue kabisa kile kiboksi chenye taa ya kijani kinachotangazwa kuwa kinapunguza matumizi ya LUKU. Nimevifungua: ndani kuna kapasita, taa na vipande vichache. Mita ya LUKU ya nyumbani inahesabu yuniti, yaani kilowati-saa, na kapasita haizipunguzi. Umelipia kitu kisichofanya kazi, kinachokaa kwenye soketi usiku na mchana kikipata moto.

Kuhusu chaja, mtu huniambia, "Fundi, mbona ni chaja tu?" Mwaka 2016 UL, maabara ya Marekani ya kupima usalama wa bidhaa, ilipima adapta 400 za kughushi zenye nembo ya Apple, zilizonunuliwa katika nchi nane. Zilizofaulu ni tatu. Kumi na mbili zilikuwa zimeundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti. Ndani ya chaja, upande wa volti 230 na upande wa simu yako vinatakiwa vitenganishwe kwa nafasi ya milimita kadhaa, na anayeghushi anaibana nafasi hiyo ili kuokoa gharama. Huwezi kuiona kwa nje, ndiyo maana chaja ni kitu ambacho mimi sinunui kwa picha.

Wala usidhani kwamba soko kubwa la mtandaoni limekukagulia. Nchini Marekani, Julai 2024, tume ya usalama wa bidhaa CPSC ililazimika kutoa uamuzi kwamba Amazon, kama msambazaji, inawajibika kwa bidhaa zaidi ya 400,000 zilizouzwa na watu wengine kupitia kwake, zikiwemo mashine za kukausha nywele zisizo na kinga dhidi ya shoti zikiangukia maji. Kama huko mpaka tume iamue, basi kundi la WhatsApp halijakukagulia chochote.

Kifaa kikipita yote hayo, kiwashe mara ya kwanza mchana, ukiwa na viatu, juu ya saruji, mbali na pazia, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Gusa bodi ya chuma kwa testa. Taa ya testa ikiwaka, zima ukutani. Kaa nacho nusu saa. Kisha chomoa ushike plagi: uvuguvugu si neno, lakini ikikuchoma kiganja, usirudie. Na kama RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ambayo mafundi wengi bado tunaiita ELCB, inakata kila unapowasha, usimruhusu mtu "aipitie pembeni". Imeona umeme unavuja.

Ukikuta kifaa kibovu, hifadhi ujumbe wa malipo, mazungumzo, tangazo, boksi na picha ya lebo, kisha upeleke TBS, shirika la viwango, wenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Kama ni chapa iliyoghushiwa, peleka pia Tume ya Ushindani, FCC. Kifaa wakikihitaji, waachie. Wasipokihitaji, hakikisha hakijachomekwa, ukate waya wake shinani kabisa ndipo ukitupe, maana chenye plagi nzima kitaokotwa, kitafutwa vumbi na kupigwa picha nzuri ya uso.