Somo: Kupima alternata ya boti iliyokwishatumika

Ninaandika somo hili mara moja ili nisirudie jibu lile lile kila anapojitokeza mtu aliyenunua alternata ya mtumba (kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri) na kuuliza kama ni nzima. Vipimo ni vya mfumo wa volti 12.

Hatua ya 1. Zungusha puli kwa mkono. Ikikwaruza au kuyumba, beringi zimekwisha.

Hatua ya 2. Pima ukinzani kati ya pete mbili za rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka. Nyingi husoma kati ya ohmu 2 na 6. Kati ya pete na shafti, mita isionyeshe njia yoyote.

Hatua ya 3. Ifunge kwenye injini, kaza mkanda, na utumie betri iliyojaa, yaani yenye takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika.

Hatua ya 4. Washa injini, ipandishe mwendo kidogo, kisha pima kwenye betri. Volti 13.8 hadi 14.4 ni salama. Zikizidi 15, kidhibiti volteji kimekufa. Zisipopanda kabisa, tazama kwanza taa ya onyo ya chaji, kwa kuwa katika mifumo mingi mkondo wa kuiamsha rota hupitia balbu hiyo, nayo ikiungua, alternata nzima huonekana mbovu.

Hatua ya 5. Weka mita kwenye volti za mkondo geu (AC) na upime tena kwenye betri injini ikiwaka. Ukiona zaidi ya nusu volti, shuku diodi, yaani vipande vinavyogeuza umeme huo kuwa wa mkondo mnyoofu (DC). Mimi sikupima hivyo. Nilifuata ushauri wa kuchomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, eti isipozima basi alternata ni nzima. Injini yangu ilikuwa dizeli ya zamani isiyohitaji umeme ili iendelee kuwaka, kwa hiyo hata jibu nililolipata halikuwa na maana. Lakini volteji iliruka ghafla, diodi zikapasuka, na kipima kina kikazimika moja kwa moja. Usichomoe betri injini ikiwaka, wala usizungushe swichi kuu ya betri hadi kwenye kuzima, kwani ni kosa lile lile.

MASWALI

Swali: Nikichomoa betri kwa sekunde moja tu?
Jibu: Soma tena hatua ya 5.

Swali: Yangu haichaji. Tatizo ni nini?
Jibu: Hukutaja kipimo hata kimoja. Mimi si mpiga ramli.

Swali: Kwenye alternata ninasoma 14.3, kwenye betri 13.4. Hizo nyingine zinapotelea wapi?
Jibu: Swali zuri sana. Washa taa na pampu ili mkondo uwe mkubwa, kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye terminali chanya ya alternata na nyingine kwenye chanya ya betri. Rudia kati ya bodi ya alternata na hasi ya betri. Upande unaosoma zaidi ndio wenye kutu au waya mwembamba. Ikiwa una kigawanyo cha diodi kati ya betri mbili, chenyewe hula takriban volti 0.7.

Swali: Je, ya gari inafaa?
Jibu: Kwenye injini ya petroli, hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia ngamani (chini kabisa ndani ya boti), na brashi za alternata ya gari hutoa cheche zisizozuiliwa. Ya boti huwekewa kinga dhidi ya hilo, kwa hiyo kagua kama wavu wake bado upo.