Kabla Hujavuna Maganda ya Waridi la Jangwani

Ganda la mbegu la waridi la jangwani, ule mmea wa maua wenye shina nene, halikungoji. Jioni unaliacha zima, limekaza, na kesho yake saa nne asubuhi limepasuka ubavuni na mbegu zimekwenda na upepo. Maganda yangu mawili ya kwanza, hapa kibarazani Tudor, Mombasa, niliyaacha yakauke vizuri mtini kwa kuona ndivyo mbegu zote zinavyovunwa. Nilipotoka kuanua nguo nikakuta manyoya meupe yamenasa kwenye leso kambani. Nikaambulia mbegu tatu. Iliniuma, maana nilikuwa nimezingoja karibu miezi mitatu.

Kwa hiyo anza na uzi, mapema. Ua likishika, hutoa pembe mbili zilizoachana kama za ng'ombe, ndiyo maganda yenyewe, nazo huchukua miezi miwili hadi mitatu kukomaa, pengine zaidi. Zikishanenepa, zungushia uzi mara nne au tano bila kukaza, au zivalishe kipande cha soksi ya nailoni. Mimi napenda soksi, kwa sababu ganda likipasuka usiku mbegu zinabaki ndani. Usikate ganda likiwa bado bichi kwa hofu ya upepo. Subiri kijani kififie kiwe kijivu au kahawia na mstari wa ubavuni uanze kuonekana. Mbegu iliyokomaa ni ya kahawia, nyembamba, urefu wake kama punje ya mpunga au kuzidi kidogo, ina shungi la manyoya kila ncha, na ukiibonyeza unaona imejaa. Iliyo bapa na nyepesi haina kitu ndani.

Kama mti wako unachanua kila mwaka bila kutoa hata pembe moja, si mgonjwa. Mara nyingi waridi hili halishiki kwa chavua yake lenyewe, linataka mti wa pili. Na huo wa pili usiwe tawi lililokatwa kwenye huo huo wa kwanza, maana ni mti mmoja ule ule. Mwombe jirani chungu chake kije kikae karibu na chako msimu wa maua. Hata hivyo maganda huwa machache, kwa kuwa chavua imejificha ndani kabisa ya koo la ua na si kila mdudu anaifikia.

Jiulize pia unachokitaka. Tawi lililokatwa litakupa ua lile lile la mama yake, lakini mara nyingi halifanyi lile tumbo nene la shina linalowasimamisha wapita njia. Tumbo zuri linatoka kwenye mbegu. Rangi, kwa upande mwingine, mbegu haikuahidi: mti wa maua mekundu sana unaweza kukuzalia mche wa maua yaliyopauka. Anayeitaka rangi ile ile akate tawi. Mimi nafuata tumbo.

Utomvu wake ni sumu, na sehemu mbalimbali za Afrika umetumiwa kupaka mishale. Vaa glavu, usijiguse macho, na kisu ulichokatia maganda kisirudi jikoni. Wenye watoto wadogo au mbuzi wanaozurura uani waweke vyungu juu.

Udongo ndio unaowashinda wengi hapa Mombasa. Mchanga wa ufuoni uko karibu na ni wa bure, lakini una chumvi, na mche mchanga hauiwezi. Tafuta mchanga wa mto, ule wa chenga kubwa wanaojengea, uuchanganye na makumbi ya nazi yaliyosagwa na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi nayo yaloweke na uyabadilishe maji mara kadhaa, kwani huwa na chumvi yake. Maji ya kisima kilichokolea chumvi yaache, kinga maji ya mvua. Chombo chochote kinafaa, hata kopo la siagi, mradi chini kina matundu ya kutosha.

Angalia na majira. Joto letu linaiotesha mbegu hii bila msaada wowote, ila masika, hasa mwezi wa Mei, huiozesha ikiwa haina paa juu yake. Naona Agosti na Septemba ni salama zaidi, au Januari kwenye kaskazi, chini ya kivuli chepesi. Ganda likipasuka Aprili, toa manyoya, tia mbegu kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe, uifungie ndani ya chupa yenye mchele mkavu kidogo wa kunyonya unyevu. Usizikawize, mbegu mpya ndiyo inayoota vizuri.

Waliozoea kuotesha mkrismasi, ule mti mkubwa wa maua mekundu, wasilete mazoea yale hapa. Mbegu ya mkrismasi ni ngumu kama kokoto, hutaka maji ya moto na kulowekwa usiku kucha. Hii ngozi yake ni laini, maji ya moto yataiua.

Siku ya kupanda ni kazi ya dakika kumi: laza mbegu, zifunike kwa mchanga kiasi cha nusu sentimita, nyunyiza, weka kivulini. Mbegu mpya huanza kutokeza ndani ya wiki moja. Inama uziangalie kwa karibu asubuhi ile. Kichipukizi hakitoki chembamba kama cha mchicha, hutoka na shingo iliyokwisha kuvimba, kijani kibichi, majani mawili juu yake bado yamefumbatana na wakati mwingine yamebeba ganda la mbegu kama kofia. Usilivute, litaanguka lenyewe. Ukiona shingo imelegea na kuwa ya majimaji, ng'oa mche huo siku hiyo hiyo na upunguze kumwagilia, kabla ya uozo kuhamia kwa wenzake. Iliyobaki iache hadi ifikishe majani sita hivi, ndipo uhamishe kila mmoja kwenye kopo lake.