Somo: Pima ubora wa waraka wa vigezo kwa kukagua ukurasa mmoja

Waraka wa vigezo ndio unaomwambia fundi kazi inayotakiwa iweje. Vigezo vya kiufundi vikiwa vibovu, fundi atatekeleza ubovu ule ule kwa uaminifu. Ukaguzi huu haulengi kusafisha waraka. Unaupima, ili ijulikane kama unastahili kutoka mezani kwa mwandishi. Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha utaratibu wa kukagua programu za kompyuta mwaka 1976, na msingi wake unafaa hata kwa pampu za visima.

1. Wekeni kanuni tatu, zisizidi. Kila kigezo kieleweke kwa namna moja tu. Kiwe na njia ya kupimwa. Kiseme kinachohitajika, kisimchagulie fundi jinsi ya kufanya bila sababu.

2. Chagueni ukurasa. Chukueni maneno 300 hivi kutoka katikati ya waraka. Ukurasa wa kwanza huwa umeshapambwa.

3. Kagueni. Kila panapovunja kanuni hizo ni dosari. Wakaguzi wawili au watatu, kila mmoja peke yake, dakika 30 hadi 60. Mkienda mbio mtaokota makosa ya tahajia na kuacha yanayoleta hasara. Dosari kubwa ni ile ambayo kuirekebisha baadaye kutagharimu zaidi kuliko kuirekebisha leo.

Tazama sentensi hii: "Pampu iwe ya ubora wa juu, itoe maji ya kutosha na ifungwe vizuri." Hapo kuna dosari kubwa tatu. Hilo la "maji ya kutosha" ndilo baya zaidi, maana hata ukiandika lita bila kutaja kimo, yaani urefu ambao pampu inapandisha maji, hujasema kitu: pampu inayotoa mita za ujazo 5 kwa saa kwa kimo cha mita 20 inaweza kutoa kidogo sana kwa mita 60. Andika hivi: "Itoe maji yasiyopungua mita za ujazo 5 kwa saa kwa kimo cha jumla cha mita 60, ikipimwa kwa mita ya maji kwa saa 24 mfululizo kabla ya makabidhiano."

4. Hesabuni. Mmoja kaona dosari kubwa 7, mwingine 5, na 4 kati ya hizo wameziona wote: jumla ni 8. Wakaguzi wapya kadirieni kuwa wameona theluthi moja, kwa hiyo ukurasa una kama 24. Waraka wa kurasa 40 utakuwa na karibu 960.

5. Amueni. Wanaoanza wakubali dosari kubwa zilizokadiriwa zisizozidi 10 kwa ukurasa, kisha washushe kiwango hadi 1. Ukizidi, waraka unarudi wote kwa mwandishi.

Maswali ya wanachama

*Si bora turekebishe hizo 8 tuendelee?*
Hapana. Zimebaki 16 kwenye ukurasa huo huo, na kurasa 39 hazijaguswa.

*Mwandishi akichukia?*
Mpe naye nakala akague pamoja nanyi. Matokeo yasiingie kwenye tathmini yake ya kazi. Yakiingia, wakaguzi wataanza kumfichia.

*"Kama atakavyoelekeza mhandisi" ni dosari?*
Kubwa kabisa, pale inapogusa bei. Mzabuni hawezi kupanga bei ya kitu asichokijua: atapandisha bei kujikinga, au ataishusha apate kazi kisha adai nyongeza. Weka kiasi cha makadirio, tuseme mita 40 za bomba la inchi 2, na mhandisi aelekeze ndani ya kiasi hicho.