Namna ya Kupata Mbolea ya Ruzuku Mkoani Tabora Kabla Mvua Hazijaanza

Mkulima wa Uyui, Urambo au Kaliua anayesubiri mvua za Novemba ndipo aulizie mbolea ya ruzuku huwa amekwisha kuchelewa, kwa sababu kazi kubwa haifanyiki dukani kwa wakala bali katika ofisi ya kijiji, miezi kadhaa kabla ya kupanda. Ruzuku hii, iliyozinduliwa Agosti 2022 baada ya bei za mbolea kupanda duniani kote, haimfikii mkulima kama fedha mkononi. Mkulima hulipa bei iliyopunguzwa, ambayo katika msimu wa 2022/2023 ilikuwa shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea, nayo Serikali humlipa msambazaji fedha iliyobaki baada ya mauzo kuonekana katika mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mauzo yasiyoingizwa katika mfumo hayana ruzuku, hata kama mnunuzi na muuzaji wanafahamiana tangu utotoni.

Anza kwa Mtendaji wa Kijiji au afisa ugani, ukiwa na kitambulisho chako na simu yenye laini unayoitumia kila siku. Utaulizwa jina, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao unayolima, kisha utapewa namba ya mkulima. Aliyekwisha kusajiliwa asidhani amemaliza: taarifa zinapaswa kuhuishwa, hasa kama ameongeza shamba au amebadilisha laini.

Hapa ndipo penye kuhitaji umakini zaidi. Omba usomewe kile kilichoandikwa, neno kwa neno, kabla hujaondoka. Simu ikiwa ya kijana wako aliyehamia Nzega, ujumbe wa mfumo utakwenda Nzega. Ekari nazo zitajwe kama zilivyo, kwa kuwa ndizo zinazokadiria mbolea unayostahili. Anayepunguza ekari kwa kuogopa michango ya kijiji hujipunguzia mifuko mwenyewe. Anayekodi shamba aseme kwamba amekodi, ili ekari zile zile zisije zikaandikwa mara mbili, kwake na kwa mwenye shamba.

Wakulima wa tumbaku wanapaswa kutenganisha mambo mawili. Mbolea ya tumbaku huletwa kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na deni lake hukatwa kwenye mauzo ya tumbaku, wakati mbolea ya mahindi au mpunga hununuliwa kwa namba ya mkulima kwa wakala aliyesajiliwa au katika kituo cha ushirika. Kwa hiyo andikisha pia ekari zako za chakula. Kuchota mbolea ya tumbaku na kuipeleka kwenye mahindi ni mazoea ya siku nyingi mkoani, lakini deni lake hubaki pale pale huku jani la tumbaku likikosa uzito.

Siku ya kununua, taja namba yako na usubiri wakala aiingize kwenye mfumo na kusoma kwa simu yake msimbo uliobandikwa kwenye kila mfuko. Mfuko uwe umeshonwa kiwandani, bila uzi wa pili wala tundu lililozibwa, na ukitia shaka uzito wake, uombe upimwe mbele yako. Dai risiti. Bei elekezi hutofautiana kati ya eneo na eneo, hivyo linganisha unachotozwa na bei iliyotangazwa kwa wilaya yako. Ikizidi, mpelekee afisa kilimo wa kata risiti hiyo, kwani malalamiko ya mdomo hayafiki mbali.

Nunua kwanza mbolea ya kupandia, kama DAP, kisha Urea ya kukuzia. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tabora ni ya kichanga, na Urea inayomwagwa yote kwa mkupuo mmoja huzama na mvua kabla mizizi haijaifikia. Igawe mara mbili, udongo ukiwa na unyevu, na kila mara uifukie.