Kasule ya Castelnaudary kwenye jiko la Arusha

Kasule, ambayo Wafaransa huiandika cassoulet, ni chakula cha mashambani cha Languedoc, kusini mwa Ufaransa. Miji mitatu huigombania. Castelnaudary hutegemea nguruwe na bata, Carcassonne huongeza kondoo, na Toulouse hujivunia soseji yake. Hapa tunafuata Castelnaudary, maana vitu vyake vyote vinapatikana Arusha na Moshi. Haitiwi nyanya wala chenga za mkate. Kinachobeba chungu ni maharage na ute wa ngozi ya nguruwe. Nyama hata ikiwa kidogo, chakula kinasimama.

Kwa watu wanne: maharage meupe makavu gramu 400, mapaja 2 ya bata, kila moja likatwe vipande viwili kwenye goti, nyama ya bega la nguruwe gramu 200 vipande vinne, soseji gramu 320, ngozi ya nguruwe gramu 250, mifupa michache, kitunguu maji kimoja, karoti moja, punje 5 za kitunguu saumu, chumvi na pilipili manga.

Bata aanze siku mbili kabla. Msugue chumvi, gramu 25 kwa kilo, akae kwenye friji saa 24, kisha umsuuze na kumkausha vizuri. Mzamishe kwenye mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, moto mdogo kabisa, vipovu vikipanda juu kimoja kimoja. Saa 2 na nusu zinatosha bata mchanga. Wa kienyeji aliyekomaa huenda hadi 4. Ukisikia mafuta yanachachatika, moto ni mkubwa: unamkaanga, na nyama itakuwa nyuzi kavu. Zamani Wafaransa walihifadhi nyama hii ndani ya mafuta yake kwenye vyungu majira yote ya baridi. Kwa joto letu, iweke kwenye friji.

Soseji ndogo laini za madukani hazifai, zimejaa unga na zitavurugika. Tengeneza: nyama ya nguruwe gramu 750, mafuta magumu gramu 250, chumvi gramu 16, pilipili manga kijiko kidogo kimoja. Kata kwa kisu hadi iwe kama punje za mahindi, usisage. Usipopata utumbo mwembamba uliosafishwa, finyanga vidole vinene. Kaanga gramu 320 hadi zibadilike rangi; zinazobaki zigandishe.

Maharage ndiyo yanayowashinda wengi. Sokoni, pale Kilombero ya Arusha au Mbuyuni ya Moshi, ulizia ya msimu huu, na usichanganye ya magunia mawili, maana hayaivi pamoja. Loweka saa 12 kwenye maji yenye chumvi gramu 15 kwa lita. Chumvi hulainisha ganda. Mwaga, chemsha kwa nguvu dakika 10 kwenye maji mapya, mwaga tena. Hatua hii isirukwe: maharage mabichi yana sumu ambayo moto wa taratibu hauiondoi, na huumiza tumbo vibaya.

Wakati huohuo chemsha ngozi, mifupa, kitunguu na karoti kwenye lita 3 za maji kwa saa moja na nusu. Chuja, ngozi uihifadhi. Pika maharage kwenye supu hiyo taratibu. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo ongeza muda kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Moshi iko chini zaidi na haichelewi sana. Usiharakishe kwa magadi: maganda yatapasuka na maharage yatageuka rojo la njano. Nyanya nayo, kwa uchachu wake, huyafanya yagome kuiva. Kuyapima, chota matatu kwenye kijiko uyapulize. Ganda likikunjamana na kuinuka huku harage limebaki zima, yatoe papo hapo. Supu usiimwage.

Kaanga vipande vya bega viwe kahawia. Twanga kitunguu saumu na vijiko viwili vya mafuta uliyopikia bata, koroga kwenye supu, onja chumvi, ukikumbuka bata tayari anayo. Tandika ngozi chini ya chungu chenye mdomo mpana, weka nusu ya maharage, bata na bega, maharage yaliyobaki, halafu zamisha soseji migongo ikionekana. Supu ifike usawa wa maharage. Chungu chembamba mdomoni hakitakupa ukoko wa kutosha.

Oveni iwe nyuzi 150 hadi 160, saa 3. Ukoko huu unaumbika juu, si chini kama wa wali: ute na wanga hupanda, hukauka, huwa kahawia. Kila unapokomaa, uzamishe kwa mgongo wa kijiko na umwagie supu kidogo pembeni. Mila husema mara saba. Kwa saa 3, mara nne zinatosha. Wa mwisho uache. Usipopata ukoko kabisa, kwa kawaida ngozi ilikuwa kidogo au supu nyingi.

Bila oveni, palia kama unavyopalia wali: sufuria nzito, mkaa mchache chini, mwingi juu ya mfuniko. Chungu cha udongo kikalie sinia la mchanga, la sivyo kitapasuka.

Wasiokula nguruwe watumie makongoro ya ng'ombe kwa ute, kondoo kwa nyama na soseji, na mafuta ya bata mwenyewe. Yataisha upesi, kwa hiyo kusanya ya bata wawili.

Acha itulie dakika 20 kabla ya kupakua. Kesho yake iongezee nusu kikombe cha maji, irudishe motoni, na ukoko utajiumba upya.